Kondoo Ndani ya Maziwa

"Kondoo katoka!"

Sauti ya Daktari Kesho ilitangulia, kisha mwenyewe akatokeza kwenye mlango wa chumba cha mashine, soksi miguuni, maana humo hakuna anayeingia na viatu. Alikuwa ameinua mikono juu kama mtu aliyefunga bao. "Njooni muone wenyewe! Hata unyoya mmoja hakuna!"

Viti vikasukumwa. Watu wa maabara ile hawakuwa na kawaida ya kukimbia, kwa kuwa kila walichokishika kilikuwa cha kuvunjika au cha kumwagika, lakini asubuhi ile walikimbia. Mirija peke yake ndiye aliyebaki mezani, pipeti mkononi, tone likining'inia kwenye ncha. Alilitazama likinenepa, likinenepa, mpaka likadondoka pasipo pake.

"Wewe Mirija, umeziba masikio? Maziwa yametakata!"

"Nimesikia, kaka. Nakuja."

Hakwenda.

Jina la Mirija walimpa wao, siku za mwanzo, kwa sababu ya kazi yake. Wenzake walikuwa wasomi, kila mmoja na digrii yake, na huyu Daktari Kesho alikuwa akiitwa hivyo kwa kuwa kila akiulizwa udaktari wake utakamilika lini, alijibu kesho. Mirija alikuwa mwandaaji tu. Aliyeyusha maziwa yaliyoganda kwenye friji, akayachuja, akayatia dawa ya kukatakata protini zake, akayagawa kwenye mirija midogo, akaipanga kwenye sinia na kuipeleka kwa mashine. Basi. Kazi ya mikono na subira, na yeye subira alikuwa nayo.

Mashine yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, nayo haikujua kazi nyingine ila kupima uzito. Si uzito wa gunia wala wa mtoto kliniki, bali wa vipande vidogo mno ambavyo jicho halina habari navyo. Kila kipande kilitokea kwenye kompyuta kama mstari uliosimama wima, mingine mifupi, mingine mirefu, na kwa mistari hiyo kompyuta ilijua hiki ni cha binadamu, hiki cha ng'ombe, hiki cha ukungu wa ukutani. Waliiita Mama Mkwe. Ukienda kwake umejipaka manukato, ataona. Ukila karanga ukasahau kunawa, ataona. Na hasemi papo hapo. Anakungoja mbele za watu.

Maziwa yalikuwa ya akina mama ambao watoto wao walinyonya na kunyonya lakini uzito haupandi. Profesa, mkuu wa maabara, alitaka kujua kuna nini kinachopungua humo. Mirija ndiye aliyekuwa akienda kliniki kuyapokea. Hakumsahau mama mmoja aliyejikamua huku mtoto wake akilia na kuikodolea macho ile chupa ndogo. "Chukua, dada," yule mama alisema. "Kama hayatamfaa wangu, labda yatamfaa wa mwenzangu." Ilikuwa kama vijiko viwili hivi. Mirija aliibeba ile chupa kifuani mpaka chuoni.

Halafu baridi ilipoanza, kompyuta ikatoa neno ambalo hakuna aliyelitegemea. Kondoo.

Siku ya kwanza walicheka. "Kumbe hawa watoto wanalia mee!" alisema Daktari Kesho, na wengine wakashika mbavu. Siku zilizofuata kicheko kikakauka. Kila sinia lililopita lilikuwa na kondoo, na mistari yake mirefu ilikuwa imeifunika ile mifupi waliyokuwa wakiitafuta. Maziwa yakawa hayasomeki. Profesa akawaita wote kwenye chumba cha mikutano, akasimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Kondoo hayumo kwenye maziwa," alisema. "Kondoo yumo humu ndani, pamoja nasi. Nani kamleta?"

Kila mtu alijua maana yake. Kanuni ilibandikwa mlangoni: nguo ya sufu hairuhusiwi. Kijinyoya kimoja, ambacho hata ukikitafuta hukioni, kikidondoka mrijani kinatosha kumjaza Mama Mkwe hadithi za zizini.

Na Mirija alikuwa amevaa sweta.

Shangazi yake ndiye aliyelifuma. Sufu halisi, ya kijivu, na mikono yake mirefu kupita kiasi, kwa sababu shangazi alimlea tangu mdogo na hakuacha kumfumia nguo za kukulia. "Mtoto wa kaka yangu afanye kazi na maprofesa halafu atetemeke kama kifaranga?" alisema. Na kule kiyoyozi hakizimwi, mashine haipendi joto. Mirija alilivaa ndani ya koti jeupe, akaikunja mikono isionekane, akajiambia koti linatosha. Ilikunjuka akaikunja, ikakunjuka tena, akazoea.

Kwa hiyo Profesa alipouliza, vidole vya Mirija chini ya meza vilikuwa vinausukuma mkono wa sweta ndani ya koti. Mdomo wake nao ukafanya kazi yake.

"Mama Pacha huwa anafutia meza kipande cha blanketi," alisema.

Hakuwa amepanga. Neno lilimtoka laini, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Na kilichomtafuna baadaye ni kwamba hakusema uongo. Kipande cha blanketi kilikuwepo kweli, kila mtu alikuwa amekiona, na kila mtu akageuza shingo akasema ahaa.

Mama Pacha alikuwa mfagizi wao. Alimwita Mirija mwanangu, na asubuhi za baridi kali alikuwa akimfunikia kikombe chake cha chai kwa sahani isipoe. Alihamishiwa jengo lingine kabla jua halijazama. Jioni hiyo hiyo Mirija alilivua sweta, akalifunga kwenye mfuko wa plastiki, akausokomeza chini kabisa ya kabati lake la kazini. Shangazi alipouliza liko wapi, alijibu, "Liko kazini, shangazi. Ndiko kwenye baridi."

Koti akachukua jipya. Meza akaisugua mpaka ikang'aa. Akaandaa upya, kwa maziwa machache yaliyokuwa yamebaki kwenye friji.

Na sasa kondoo katoka.

"Si nilisema?" Wenzake walirudi kutoka chumba cha mashine wakipigana mabega. "Yule mama na blanketi lake! Kaondoka yeye, kaondoka na kundi lake lote!"

Hata Profesa alitabasamu. Alisimama karibu na meza ya Mirija, akaitazama mirija iliyopangwa kama askari wa gwaride. "Kazi safi," alimwambia. Kisha akawageukia wengine. "Msimamizi wa wafagizi ananisumbua kwa simu. Anataka neno langu. Ikiwa kweli ni yule mama, kampuni haitamwongezea mkataba. Basi baada ya chakula nitampigia tumalize."

Mirija alifungua kinywa. Mdomo ule ule uliosema bila kuombwa, leo uligoma kama punda. Alitazama viatu vya Profesa vikiondoka mpaka vikapotea kwenye korido.

Halafu akainuka, akaenda kwenye kabati, akafungua mfuko wa plastiki huko huko kabatini, mbali na meza, na kwa kibano akachomoa unyuzi mfupi kwenye mkono wa sweta. Akautia mrijani. Akautilia ile dawa ya kukatakata kwa haraka wanayoitumia Profesa akiwa na wageni. Kwenye mrija, mahali pa jina la sampuli, akaandika: Mirija.

"Kaka, niwekee na huu."

"Wa nini tena? Tumeshashinda," Daktari Kesho alisema, mdomo umejaa mkate.

"Wa kulinganisha."

"Ona huyu! Ndiyo maana nasema, wewe ungesoma ungetupita wote." Akaupokea kwa mikono miwili, kwa mzaha, kama anapokea zawadi. Mirija alitamani amtukane badala yake.

Wakati wenzake wanakula, yeye aliketi kwenye kibenchi nje ya chumba cha mashine akisikiliza mlio wa pampu. Alijua bado anaweza kuingia akauchomoa. Angesema amekosea. Nani angeuliza? Kondoo asingerudi tena, Mama Pacha angebaki na lawama zake, na yeye na kazi yake, na shangazi angeendelea kuwasimulia majirani habari za maprofesa. Hakuna hata mmoja ambaye angejua. Hilo ndilo lililomtisha: jinsi ilivyokuwa rahisi.

Ndani, Daktari Kesho aliguna. Kisha akaangua kicheko.

"Jamani, huyu si kondoo, hili ni zizi zima! Nani kaleta—"

Kicheko kikakatika. Mirija alijua amefika kwenye jina.

Alipoingia, kaka huyo alikuwa ameweka picha mbili kwenye kioo cha kompyuta, moja juu ya nyingine: mistari ya yale maziwa yaliyoharibika na mistari ya mrija huu. Kila mstari ulikaa juu ya mwenzake, pasipo hata unywele wa tofauti. Hakumtazama. Alimwita Profesa, na wengine wakaja wakajazana mlangoni, maana ukimya nao huita watu.

Profesa aliitazama picha muda mrefu. "Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye sweta langu."

"Umeligundua leo?"

Kilikuwa kitundu cha kutokea, alichofunguliwa na mkubwa mwenyewe, bila kujua. Alichotakiwa kusema ni ndiyo tu.

"Hapana, Profesa. Nilijua siku ile ile. Nilipokuwa namtaja Mama Pacha nilikuwa nalificha, kwa mkono huu."

Akauinua mkono, sijui ili wauone au kwa kukosa pa kuuweka. Aibu ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya mafuriko. Mmoja wa wale waliokuwa mlangoni alifyonza, msonyo mrefu, na hakuna aliyemkemea. Daktari Kesho alikuwa akitazama soksi zake.

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaendelea kuifuta hata baada ya kutakata.

"Maziwa ya wale akina mama," alisema, asimalize. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nami yule mfagizi sikumuuliza hata neno moja." Akavaa miwani. "Msimamizi nitampigia mimi. Habari ya kazi yako tutaongea kesho, sasa hivi siwezi. Lakini kwa Mama Pacha sitakusemea. Nenda."

Alimkuta kwenye jengo la madarasa, katikati ya ngazi, anapiga deki kurudi juu, mgongo umeinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Pale mwishoni, ambapo siku zote palikaa neno mwanangu, hapakuwa na kitu. "Simama hapo hapo. Pamelowa."

Mirija alisimama chini. Akasema yote kutoka pale, haraka haraka, kwa pumzi moja: sweta, mkono, blanketi, mashine, Profesa. Mama Pacha hakuacha kupiga deki mpaka aliposikia neno blanketi. Hapo akauegemea mpini.

"Kwa hiyo halikuwa blanketi langu."

"Halikuwa, mama."

"Nilikichoma," Mama Pacha alisema. "Kile kipande. Lilikuwa blanketi la pacha wangu walipokuwa wachanga, nilikuwa nakata kidogo kidogo, sipendi kulitupa. Msimamizi aliponiambia nimeharibu maziwa ya watoto wa watu, nilikwenda nyumbani nikachoma hata lililobaki. Wanangu wananiuliza, mama, unachoma nini? Nikawaambia uchafu. Usingizi sipati. Nikifumba macho naona vitoto vinalia, navyo vinanilaani mimi."

Mirija alitaka kusema nisamehe, lakini neno lilionekana dogo, kama kwenda kuzima moto kwa kijiko cha maji.

"Huko stoo tunakochukua ndoo asubuhi wananiita Mama Kondoo, unajua?" Mama Pacha aliendelea. "Nikipita wanalia mee. Wanawake wazima. Mimi nacheka nao, nifanyeje? Sasa wewe kunitaja ulinitaja mbele ya watu, tena watu wa maana. Kuniomba radhi unakuja kwenye ngazi, tuko wawili."

"Nitakuja stoo, mama. Kesho asubuhi, wakiwa wamejaa wote. Nitasema."

"Watakucheka."

"Najua."

"Wana midomo wale. Hutasahau."

"Najua, mama."

Mama Pacha alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike, akampima kutoka juu mpaka chini. Hakusema sawa, wala hakusema hapana. Alilichovya dekio kwenye ndoo, akalikamua, akaendelea na ngazi zilizobaki.

"Nipande nikubebee ndoo?"

"Umesikia nilivyosema. Pamelowa."

Alipofika juu kabisa aliketi, akanyoosha miguu, akaligeuzia dirisha uso wake. Jua la alasiri liliingia hapo kwa ubavu, likaanza kuzikausha ngazi kutoka juu, kingo kwanza, kisha katikati, polepole sana. Nyuma ya Mirija wanafunzi walitoka darasani kwa fujo, vitabu makwapani, wakitaka kupanda. Akatanua mikono, mmoja ukutani, mwingine kwenye reli ya ngazi, akawazuia.

"Dada, tuna kipindi!"

"Bado," aliwaambia, macho yake yakiwa kule juu. "Hapajakauka."