Tope la Gati la Zamani

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaendesha mtambo wa kuchimba tope kwenye bandari ya mto wetu. Mimi napima maji hapohapo. Ananiita Mama Chupa, maana siachani na kasha langu la chupa za sampuli.

Siku hiyo alikuwa anachimba mbele ya gati la zamani, ambako kiwanda cha rangi kilimwaga uchafu miaka nenda miaka rudi. Eneo lote lilizungushiwa pazia zito linaloelea, ili tope likitibuliwa lisitoke. Mbele kidogo, kule mto unakoelekea, ndipo bomba la mji linapovuta maji.

Saa nne asubuhi niliteka maji nje ya pazia. Yalikuwa mazito, ya kahawia. Nikapiga simu idara ya maji wafunge bomba, kisha nikamwita shemeji kwa redio.

"Zima mtambo. Nahofia risasi imetoka."

"Risasi? Nani kapigwa?"

"Ile sumu ya kwenye rangi, wewe! Ikilala chini ina nafuu. Ukiivuruga, watu wanainywa."

"Tope ni tope. Mimi nimelichezea tangu utotoni, na uzuri wote huu."

"Uzuri gani? Mama yako mwenyewe hajawahi kuutaja. Zima!"

Akazima, huku ananung'unika. Msimamizi akaja mbio, anafoka kwamba kazi imechelewa wiki mbili. Mimi na shemeji tukaingia kwenye boti kukagua pazia. Tulikuta limechanika urefu wa mtu, na alama za meno ya kijiko cha mtambo wake zinaonekana wazi. Shemeji, anayeongea hata usingizini, akageuza boti kurudi gatini.

Tuliporudi, akamwendea msimamizi kabla hajaulizwa. "Nimelichana mimi. Na siwashi mpaka lishonwe."

Siku hiyo nilijivunia kuolewa kwao, ingawa sikumwambia.

Jioni maabara ikathibitisha: risasi ilikuwa mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Bomba lilikuwa limeshafungwa, hakuna aliyeyanywa maji yale. Ila mji ulikaa siku mbili ukipanga foleni kwenye magari ya maji.

Siku ya pili nilimkuta shemeji kwenye ngazi za jengo analokaa, ghorofa ya tatu, ameketi katikati ya madumu mawili ya maji, anahema. Anakaa ya tano.

"Pole, baba."

"Cheka tu, usijibane."

Mkewe akachungulia kutoka juu. "Hayo ni ya kufulia. Ya kunywa yako wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikabeba dumu moja, tukapanda.