Ncha za Boriti

Haki ya Mungu, nilipanda ngazi kuziba tundu la bati tu. Nikaegemeza kiganja kwenye boriti ya katikati, kiganja kikazama. Mchwa! Wameila ndani yote, wameacha ganda. Nikagonga ya pili. Badala ya kulia ko, ikalia bu.

"Karibu!" mama akaitika kitandani, chini yangu. "Hodi gani hiyo ya juu? Mlango umeuona lakini?"

Sikucheka. Nyumba hii niliiezeka mwenyewe, mimi seremala ninayejiita fundi. Mbao zote nilizipaka dawa ya mchwa, kisha nikazikata zilingane na kuta. Nilipaka kwanza, nikakata baadaye! Ncha mbichi nikazizika ukutani bila tone la dawa, maana nilikuwa na haraka ya kazi nyingine. Mchwa wamepitia humo humo.

Boriti ikatoa mlio. Nikashuka mbio.

"Mama, twende nje."

"Nje kuna nini? Na miguu yenyewe hainibebi."

"Nakubeba mimi. Paa linaanguka!"

"Paa lipi? La mwanangu?" Akashika ubao wa kitanda kwa nguvu. "Mtaa mzima wanavujiwa, mimi nalala kama malkia. Acha uzushi wako."

Jamani, ningemwambia nini? Sifa alizonimwagia miaka yote ndizo zilizomfunga pale. Nikapiga magoti.

"Mama, niliharibu kazi. Ncha sikuzipaka dawa. Mchwa wamelimaliza paa, na kosa ni langu mimi."

Akanitazama. Mkono ukaachia ubao.

"Najua," akasema. "Udongo unanidondokea shukani mwaka wa pili huu. Kila nikisikia unakuja, naukung'uta. Sikutaka uone, ukaumia."

Nilitaka kulia, nilitaka kumgombeza, sikupata wasaa. Nikamzoa na shuka lake nikatoka naye. Hatujafika hata kwenye kamba ya nguo, paa likaporomoka juu ya kitanda.

Majirani wakaja mbio. "Fundi, kulikoni? Kulikoni?"

Nikafungua mdomo niseme. Mama, mikononi mwangu, akaniziba kwa kiganja. Kilikuwa na udongo.

"Upepo, jamani," akawaambia. "Mwanangu alijenga vizuri. Ni upepo."

Nyuma yake shuka zilizoanikwa zilining'inia kwenye kamba, zimetulia tuli, na kila mtu alikuwa anaziona.