Mikono Inapokutana

Mkono wa Baba ulikuwa umenyooka, umekaza hadi ncha ya kidole, na ulikuwa unaonyesha mahali ambapo hapakuwa na chura.

Nilifumbua macho nikautazama. Mkono wangu ulielekea vichaka vya bwawani, ambako chura wa mtini alikuwa anatoa sauti yake kama mtu anayegonga glasi kwa kijiko. Wa Baba ulielekea barabarani, kule tulikoacha gari. Mvua ilikuwa imekatika punde, mawingu bado mazito, majani yanadondosha maji. Hiyo ndiyo saa yao ya kuimba.

"Vipi, Flashi?" akauliza, macho kayafumba. "Imekutana?"

Flashi ni mimi. Alinibandika jina hilo nikiwa mchanga, kwa sababu kila taa ya kamera yake ilipowaka niliangua kilio. Kumbe nililia kwa urahisi namna hiyo! Maana tulikuwa tumemzika Mama majuzi tu, na mimi chozi hata moja sikuwa nimetoa. Shangazi alinifuata jikoni siku ya mazishi. "Lia, mwanangu, usijifanye jiwe." Nikamwambia nitalia nikimaliza vyombo. Vyombo vikaisha, nikaanza kupangusa kabati. Sikuwa najikaza, hakukuwa na kitu cha kukaza. Mwili mzima ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: unauona, unajua ni wako, ukiufinya hausemi kitu.

Baba alirudi studio kwake kupiga picha za pasipoti. Inua kidevu, shusha kidevu, haya, asante. Hadi asubuhi moja akautoa mkoba wa kamera kubwa chini ya kitanda, akauweka mbele yangu. Mchapishaji alikuwa anasubiri picha ya mwisho ya kitabu chake cha vyura, yule mdogo wa kijani, tena awe anaimba, koo limetuna.

"Kazi hii si ya mtu mmoja," alisema. "Utasimama pale alipokuwa anasimama mama yako. Tukimkosa huyo chura, nauza kamera, nibaki na videvu vya watu."

Hakuwa anatania. Nilimjua Baba; angeiuza, kisha angekaa kwenye kile kiti chake cha studio mpaka naye tumzike.

Chura wa mtini hatafutwi kwa macho. Ni mdogo kama kidole gumba, na rangi yake ni ya jani alilokalia. Wazazi wangu walimtafuta kwa mikono. Walisimama wameachana hatua kadhaa, wakafumba macho, wakasikiliza, kila mmoja akanyoosha mkono kuelekea sauti inakotoka. Wakifumbua, chura yuko pale mikono inapokutana. Nilipokuwa mdogo niliwashikia mwavuli, na sikumbuki siku waliyomkosa.

Ninachokumbuka ni siafu. Kila safari, mikono ikishanyooshwa tu, Mama alipiga kelele, "Aa! Siafu hawa!" Akaruka pembeni hatua kadhaa, akakanyagakanyaga, akakung'uta kiatu, akasimama hapohapo alipofika, akanyoosha mkono upya. Baba alikuwa hana mbavu. "Mama Flashi ana sukari miguuni, wadudu hawamwachi!" Kisha Mama angekwenda moja kwa moja kichakani, apekue jani, na kuita, "Ndiye huyu! Pale pale ulipoonyesha, baba watoto."

"Baba," nilinong'ona. Nilikuwa kushoto kwake. Hakutikisika. Nikamwita tena, sauti juu kidogo. Kimya. Nikazunguka upande wa kulia.

"Baba."

"Naam."

Basi mambo yakaanza kujipanga, moja baada ya jingine. Mezani Mama hakukaa kushoto kwa Baba hata siku moja. Wala kanisani, wala kitandani. Kwenye mazishi watu walimpa pole upande ule akawaacha hivihivi, wakasema masikini, uchungu umemzidi, nami nikawa namjibia. Sikio lilikuwa limekufa, na si jana wala juzi. Kwa sikio moja unamsikia chura vizuri tu. Usichojua ni yuko wapi.

Nikatazama chini. Palikuwa na majani, maji na viatu vyangu. Siafu hakuna.

Miaka yote ile mkono wa kwanza ulikuwa wa Mama, na wa pili ulikuwa wa Mama.

"Imekutana?" Baba akarudia. Safari hii aliuliza kama alivyomuuliza daktari kule wodini alikolazwa Mama, kwa sauti ndogo, ya kuomba.

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni, na kwa jinsi nilivyokuwa nimekufa ganzi lisingeniuma hata kidogo.

"Aa!" nikapiga kelele. "Siafu hawa!"

Nikaruka pembeni. Nikakanyagakanyaga matope kama mwendawazimu, nikakung'uta kiatu, nikasimama hapohapo, nikafumba macho na kunyoosha mkono upya. Mstari wangu wa pili ukaukata ule wa kwanza kwenye tawi lililoinamia maji.

Baba alicheka, kicheko kifupi chenye kutu. "Na wewe una sukari miguuni? Haya, umerithi."

Tulimkuta chini ya jani, mdomo kaufumba, koo limetuna hadi linapitisha mwanga. Baba akapiga goti matopeni, akabana pumzi, akapiga picha. Moja, ya pili, ya tatu.

"Alikuwa pale pale ulipoonyesha," nilimwambia, kwenye sikio la kulia.

Aliifuta lenzi kwa pindo la shati, taratibu, akaifunika.

"Mama yako alikuwa ananiambia hivyohivyo," alisema. "Siafu wenyewe sikuwahi kumwona hata mmoja."

Nikainama kukung'uta kiatu ambacho hakikuwa na kitu, na sikuweza kuinuka. Ganzi ikitoka inauma, jamani. Baba alisogea akasimama kushoto kwangu, sikio lake zima likiwa upande wangu, akanisubiri nimalize.