Ndevu za Maximilla

Dada yangu Maximilla alishakatwa titi, lakini kansa ikabaki. Daktari wa Kasulu akataka kumchoma sindano za homoni za kiume, eti zingeupunguza kasi ugonjwa.

“Nitaota ndevu?” dada akauliza.

“Huenda. Na sauti itakuwa nzito.”

“Nisipochomwa?”

“Utakufa mapema.”

Shemeji Niyibizi akaruka. “Mimi nilioa mwanamke! Nilale na mzee mwenzangu? Kijiji kizima cha Kumsenga kitanicheka!”

Dada akapandisha mkono wa gauni. “Choma, daktari. Huyu ana ndevu miaka yote na bado nalala naye.”

Mimi na nesi tukacheka sana. Niyibizi akatoka bila kuaga.

Daktari akairudisha sindano mezani. “Bila ruhusa ya mume sichomi.”

Nikakimbilia barabarani kumrudisha shemeji. Lori la kurudi Kibondo lilishaondoka naye.