Pantalo Nyeupe ya Karani Hippolyte

Kutoka nyumbani kwa Hippolyte mpaka biro ya Leta, ofisi ya serikali pale Kasongo, ilikuwa saa nzima ya kukanyaga kinga, baiskeli yake, na kwa saa nzima hiyo barabara ilimfanyia ukorofi. Kiangazi kilimpaka vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Masika ilimrushia tope mpaka kiunoni. Na mnyororo wa ile kinga, uzee wote ule, ulikuwa bado na meno: upindo wa pantalo ukisogea tu, unaudaka, unautafuna, kisha unauachia umejaa mafuta meusi.

Huko biro nako kulikuwa na mzungu aliyewatazama makarani miguu kwanza, nyuso baadaye. Alitaka pantalo, suruali ndefu nyeupe, yenye mkunjo wa pasi uliosimama kama wembe. Kapitula, alisema, ni ya polisi na mpishi. Aliyefika na doa alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake wote, na aliyerudishwa mara tatu hakuitwa tena karani.

Sasa mtu afanyeje? Hippolyte aliamua kuendesha kinga akiwa amevaa kapitula, pantalo akaifunga kwenye kitambaa nyuma ya kiti. Uamuzi mzuri, ila kapitula yenyewe ilikuwa na viraka viwili matakoni, kimoja cha kijani na kingine cha kahawia, utadhani madirisha ya nyumba mbili tofauti. Na pantalo ilikuwa moja. Moja tu duniani. Mkewe, Émérance, aliifua kila jioni, akaipiga pasi ya makaa kila alfajiri, na kwa juhudi hiyo watu wa biro wakaamini kwamba Hippolyte anazo tatu. Yeye hakuwasahihisha.

Ikabaki shida ya mahali pa kubadilishia. Alijaribu kichakani, siku mbili tu. Siku ya tatu wanawake waliokuwa wakienda shambani walimkuta mguu mmoja hewani, wakacheka mpaka mtoni.

Ndipo Subira alipomwonea huruma. Subira alikuwa mjane wa mjini, Mwislamu, muuza vitumbua barazani kwake, pembeni ya ile njia, karibu kabisa na biro. Hippolyte aliwahi kumwandikia barua za kupeleka kwa kaka yake aliyekaa Albertville.

“Karani, wewe mutu muzima, utavulia nguo porini mpaka lini?” alimwambia. “Pita huko nyuma. Kibanda cha kuni kiko.”

Basi kila asubuhi kinga iliegemea ukuta wa Subira, Hippolyte akaingia na kapitula, akatoka na pantalo, akanunua vitumbua viwili, akaenda zake kazini. Hakuna zaidi ya hapo. Subira hata kwenye kikaango chake hakuinuka.

Asubuhi moja Subira alimwongezea kitumbua cha tatu bila kuombwa.

“Leo kuna nini, mama?”

“Lukumani ametuma wazee wake.” Aliinamia kikaango, lakini mashavu yalimsaliti. Lukumani alikuwa muuza vitambaa wa sokoni, mpole, aliyefiwa na mke. “Nyumba yake iko ya mabati, karani. Mvua ikinyesha sitahamisha tena kitanda.”

Hippolyte alifurahi naye kweli. Ndiyo maana jambo lililofuata lilimuuma hivyo.

Siku chache baadaye Célestin, karani mwenzake, mtu ambaye mdomo wake haukujua likizo, alimpokea mlangoni pa biro mbele ya kundi zima.

“Mabwana, nipeni jibu! Mutu anaingia kwa mujane na kapitula, anatoka na pantalo. Huko ndani iko nini? Iko duka?”

Wakaangua kicheko. Maneno mawili yangetosha: nabadilisha nguo. Lakini wangemuuliza, kwa nini usibadilishe hapa? Na hapo angewaonyesha viraka, na kutoka kwenye viraka wangefika kwenye ile pantalo moja. Zaidi ya hayo, tuseme ukweli, macho ya wale vijana yalimnogea. Hakuna aliyewahi kumwangalia hivyo. Hippolyte akanyoosha kola yake, akatabasamu upande mmoja.

“Mambo ya wanaume hayaulizwi,” akasema.

Maneno hayo yalifika sokoni kabla ya saa sita.

Haukupita mwezi, Hippolyte akamkuta Subira hakaangi, unga umemkauka vidoleni.

“Lukumani ameondoa maneno yake.”

“Kwa sababu gani?”

“Uliza watu wa mji,” akasema Subira bila kumtazama. Kisha, kwa mkono uleule wenye unga, akamwonyesha kibanda kama kawaida.

Na yeye akaingia. Akavaa. Hilo ndilo lililokuja kumkosesha usingizi zaidi kuliko ule mdomo wake wa biro: kwamba alijua, na bado aliingia, kwa kuwa kengele ya kazi ilikuwa karibu.

Jumapili, baada ya misa, Émérance alianza kucheka peke yake akikunja nguo.

“Nimesikia kanisani eti uko na muke mjini.”

Hippolyte akaweka kijiko chini.

“Nikawauliza, na pantalo gani?” Émérance akacheka mpaka akashika ubavu, na mumewe akadhani ameponea hapo. Kisha kicheko kikaisha. “Mimi nakujua, baba. Mimi naweza kucheka. Na yule mama, atacheka na nani?”

Hippolyte hakumaliza sahani yake siku ile.

Jumatatu hakupita kwa Subira kwanza. Alikwenda moja kwa moja sokoni na kapitula yake, akasimama mbele ya duka la Lukumani, ambako wanaume walikuwa wakinywa kahawa ya asubuhi. Alikuwa ameandaa hotuba tangu nyumbani, yote ikapotea. Akageuka tu, akawaonyesha mgongo.

“Haya, muone viraka,” akasema. “Nilivificha kwa mama Subira. Ananipa kibanda cha kuni nivalie humo, basi. Pantalo yangu ni hii moja.” Akaifungua kwenye kitambaa, ikaning'inia mkononi. “Yale niliyoyasema biro, niliyasema kwa kiburi. Yule mama hana kosa.”

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Lukumani aliweka chini kitambaa alichokuwa akikipima.

“Aksanti kwa kusema,” akajibu polepole. “Lakini karani, mbona umechelewa? Nimeshaposa binti mwingine, Wamaza. Wazazi wake wamekubali. Siwezi kumfanyia mtoto wa watu vile nilivyomfanyia Subira.”

Hippolyte akarudi njia ya biro akisukuma kinga. Subira alikuwa barazani, wateja wanne mbele yake. Akamweleza, bila kupunguza kitu, mpaka ile ya Wamaza.

“Umesema mbele ya watu?”

“Mbele ya wote.”

“Basi, vizuri.” Akageuza kitumbua. “Ila huko nyuma usipite tena.”

Ndipo kengele ya kwanza ikalia. Hippolyte akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha, kwa kuwa siku ile hakubaki na cha kuficha, akavua viatu palepale njiani, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akaipandisha pantalo juu ya kapitula na kufunga vifungo. Ilipita bila taabu. Viraka vikazama humo, mkunjo ukasimama. Kitumbua kilichokuwa kikaangoni hakikuwa kimeiva bado.

Subira alikuwa ameuacha mwiko ukining'inia hewani.

“Kumbe inaingia juu yake,” akasema.

Hippolyte akainama kuvaa viatu.

“Miezi mitatu, karani.” Akamgeukia mteja aliyefuata. “Wewe, ngapi?”

Hippolyte akaishika kinga kwa mikono miwili, akaisukuma akitembea mpaka biro. Mbele ya macho yale ya Subira hakuona kama ana haki ya kuipanda.