Gomesi la Namazzi

Kati ya Waganda wote aliowajua hapa Maskati, mwenye gomesi alikuwa Namazzi peke yake. Alitoka nalo kwao, vazi la hariri lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Kila binti wa kwao alipochumbiwa ugenini, Namazzi alilivaa akasimama kuwa ssenga, yule shangazi anayemtambulisha mchumba mbele ya watu. Mashangazi wa damu wako mbali, na nafasi yao aliishika yeye.

Basi aliposikia kwamba Namirembe, msichana ambaye yeye Namazzi alimshika mkono tangu siku binti huyo aliposhuka kwenye ndege, kamchagua Nassimbwa kuwa ssenga wake, roho ilimuuma. Nassimbwa! Kaja juzi tu, meno yote nje! Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na Namazzi alikonda huku akipiga pasi kanzu za watu katika nyumba aliyofanya kazi, mtaa wa Hail.

Namirembe akapiga simu. "Dada, Ijumaa uje na gomesi, tafadhali."

"Lina doa, liko kwa dobi," akajibu Namazzi. Lilikuwa chini ya kitanda chake. Yaani alivae Nassimbwa? Thubutu!

Namirembe akasema, "Basi uje wewe tu, dada."

Ijumaa akaenda mtaa wa Hamriya, kwenye chumba walichokodi juu ya duka la vitambaa. Alivaa gauni la kazini makusudi, watu wajue hakuja kusherehekea. Mlangoni alisimama Nassimbwa kavaa abaya, kiunoni kajifunga kipande cha pazia badala ya mshipi. Namazzi akacheka moyoni, na kicheko kilikuwa kitamu.

Nassimbwa akampigia magoti, akamwongoza hadi kwenye kiti kilichotandikwa shuka jeupe.

"Hiki cha nani?"

"Cha mama," akasema Namirembe. "Wangu hayupo duniani, na aliyenilea huku ni wewe. Mama hawezi kuwa ssenga, ndiyo maana nikamwomba Nassimbwa. Nilitaka nikwambie hapa, mbele ya watu. Gomesi nilitaka ulivae wewe."

Namazzi akaketi na gauni lake linalonuka sabuni ya sakafu. Wakwe walikuwa tayari wanapanda ngazi.

Nassimbwa akafungua mshipi wake wa pazia, akamzungushia Namazzi kiunoni, akaukaza vizuri. "Mama hakai bila mshipi," akasema.

Wakwe walipoingia walimkuta mama analia, wakamsifu kwa jinsi anavyompenda binti yake.