Aliyeziba Njia ya Moto

Tunabishana tangu asubuhi, mimi na Bakilana, mwenzangu wa maabara, juu ya kipande cha urani, fueli ya kinu cha nyuklia, kilichomo tanurini. Mimi nasema zirkoni, ile metali aliyoichanganya humo, inazuia elektroni, na elektroni ndizo zinazobeba joto. Joto likikosa njia, fueli itajipika yenyewe. Yeye anasema, dada Nyamizi, ukiipunguza zirkoni, fueli itayeyuka mapema. Baada ya chakula cha mchana nainamisha kichwa mezani, meza inalainika, nazama ndani yake, nazama hadi miguu inagusa barabara ya chuma kinachowaka, na pande zote nyumba zinang'aa kama vioo, na katika kila nyumba naiona barabara ileile, haina mwisho. Watu wasio na nyuso wananipita mbio, kila mmoja amekumbatia moto, vifua vinaungua, nao hawana vinywa vya kulilia. Wanakwenda wapi? namuuliza mmoja aliyesimama kando yangu. Sauti inamtoka kifuani, kokote kusikowaka. Ghafla mtu mmoja anapasuka vipande viwili, kila kipande kinaruka kikibomoa nyumba, vioo vinawakata wabebaji shingo, walio nyuma wanawakanyaga walioanguka, maana mbele njia imezibwa. Nasukumana, nakanyaga mbavu, nafika. Aliyeziba ni Bakilana, ana uso wake mwenyewe, ameinua mikono juu, na wabebaji wanamgonga na kutawanyika. Toka njiani! Siwezi, dada. Wanaungua kwa sababu yako! Najua, anasema. Yule asiye na uso niliyemuuliza ananinong'oneza, mwenye kuziba mlango ndiye mwenye kushika paa. Simwelewi, wala sitaki kumwelewa. Naokota kipande cha chuma, nampiga Bakilana kichwani, nampiga tena, na tena, mpaka mikono yake inashuka. Wabebaji wanamiminika juu ya mwili wake, nami nashangilia peke yangu, kisha nasikia mlio, naangalia juu, paa lote la mji linatiririka, nyumba zinalala kama nta, barabara inakuwa uji mwekundu, unanifika magotini, kiunoni, kinywani.

Dada Nyamizi, amka. Bakilana ameniinamia. Namshika shati, namgusa shingo, mshipa unapiga, lakini hata sakafu inapiga chini ya viatu vyangu. Uko hai? Anacheka, kwani umeniua? Sijui niko upande upi wa usingizi. Naangalia juu, paani.